Kilimohai Kasese na Bwera: jinsi mvua inavyopanga kapu la mlaji

Kwa ufupi
• Kasese na Bwera hazina majira ya baridi. Mwaka wa mkulima hugawanywa na misimu miwili ya mvua na vipindi viwili vya ukavu.
• Kilimohai ni mfumo wa kilimo wenye kanuni na uhakiki. Si kila shamba lisilonyunyiziwa dawa linastahili jina hilo.
• Kahawa ya miteremko ya Rwenzori ndiyo zao la kilimohai lililozifikisha Kasese na Bwera katika soko la dunia, lakini chakula cha kila siku hupitia njia fupi: soko, bodaboda na simu.
• Mafuriko, mpaka unaofungwa ghafla na kahawa inayouzwa ingali maua ni miongoni mwa mambo yanayompokonya mkulima faida ya jasho lake.

Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, hupitiwa na mstari wa ikweta. Mkulima wake hajui majira ya baridi ya aina ile inayofunga mashamba ya Ulaya kwa miezi kadhaa. Theluji ipo, lakini ipo mahali pamoja tu: juu ya vilele vya Rwenzori, ambako kilele cha Margherita hufikia mita 5,109 juu ya usawa wa bahari. Wakonzo, wenyeji wa miteremko hiyo, huiita theluji nzururu, na neno hilo ndilo linalosikika katika jina la ufalme wao wa Rwenzururu.

Hata hivyo, miezi ya upungufu ipo. Huja kwa sura ya ukavu, pale mvua inapokatika na mboga za bondeni kunyauka, ilhali mavuno yaliyopita yamekwisha kuuzwa. Swali linalomkabili mkulima wa Kasese ni lilelile linalomkabili mwenzake wa nchi za baridi: familia itakula nini, na mteja atapelekewa nini, katika miezi ambayo ardhi haitoi?

Makala haya yanaeleza jinsi kilimohai kinavyofuata majira katika wilaya hiyo na katika mji wa mpakani wa Bwera, jinsi mazao yanavyomfikia mlaji, na ni nini kinachokwamisha safari hiyo.

Ardhi moja, hali ya hewa nyingi

Kutoka mabonde yaliyo karibu na maziwa George na Edward, yenye mwinuko wa takriban mita 900, hadi mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, mtu anaweza kupita katika kanda kadhaa za kilimo kwa safari ya siku moja. Bondeni kuna joto na mvua haba. Huko pamba, mahindi, karanga, mihogo na maembe hustawi. Katikati ya miteremko kuna migomba, maharage na kahawa aina ya arabika. Juu zaidi, ambako usiku huwa wa baridi, hulimwa viazi mviringo, kabichi na vitunguu.

Tofauti hiyo ya mwinuko ni hazina. Zao moja haliivi siku moja kila mahali: tunda la kahawa lililokwisha kuiva kwenye kilima cha chini huwa bado la kijani kwenye shamba lililo juu yake. Kwa hiyo kikundi cha wakulima wenye mashamba katika miinuko mbalimbali kinaweza kupeleka sokoni zao lilelile kwa muda mrefu kuliko mkulima mmoja aliye peke yake.

Ardhi yenyewe, hata hivyo, ni finyu. Sehemu kubwa ya wilaya imo ndani ya hifadhi mbili za taifa, ile ya Malkia Elizabeth upande wa bonde na ile ya Rwenzori upande wa mlima. Familia nyingi hulima vishamba vidogo kwenye miteremko mikali, mahali ambapo mvua moja kubwa inaweza kuuondoa udongo wa juu uliochukua miaka kujengeka.

Maana ya kilimohai

Neno kilimohai limekuwa alama rasmi tangu mwaka 2007, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoidhinisha kiwango chake cha pamoja cha mazao ya aina hiyo. Alama ya Kilimohai huwekwa kwenye bidhaa zilizohakikiwa kwa mujibu wa kiwango hicho, iwe Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda au Burundi. Nchini Uganda, harakati hizi zimeongozwa kwa muda mrefu na NOGAMU, shirikisho la kitaifa la kilimohai lililoundwa mwaka 2001.

Kanuni zake za msingi ni chache. Mkulima hatumii mbolea za viwandani, hatumii viuatilifu vya kemikali zilizotengenezwa viwandani, na hapandi mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Badala yake huutunza udongo kwa mboji, samadi, matandazo na mimea jamii ya mikunde. Hubadilisha mazao kila msimu. Na huchanganya mimea shambani ili mdudu wa zao moja asipate karamu isiyo na mwisho.

Mtu anaweza kusema kwamba wazee wa Bukonzo walilima hivyo kabla ya jina hili kuwapo. Ni kweli kwa sehemu. Kilimo cha asili na kilimohai hukutana mahali pengi, lakini si kitu kimoja. Shamba lililoachwa bila mbolea, bila makinga maji na bila matandazo huchoka mwaka hadi mwaka, hata kama halijawahi kuguswa na dawa. Kilimohai humtaka mkulima airudishie ardhi kile alichokichukua, na humtaka athibitishe kwamba amefanya hivyo.

Uthibitisho huo hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni ukaguzi wa shirika huru, unaohitajika kwa mazao yanayouzwa nje ya nchi. Gharama yake ni kubwa kwa mkulima mmoja mmoja, ndiyo maana vyama vya ushirika huunda mfumo wa udhibiti wa ndani: wanachama hukaguana, kumbukumbu za kila shamba huwekwa, kisha mkaguzi kutoka nje huchunguza mfumo wenyewe na baadhi ya mashamba. Njia ya pili ni uhakiki shirikishi, ambapo wakulima, wanunuzi na wataalamu wa eneo husimamia kanuni kwa pamoja. Njia hii inafaa zaidi kwa masoko ya nyumbani.

Kuna pia muda wa kungoja. Kwa soko la Umoja wa Ulaya, shamba la mazao ya msimu hupaswa kufuata kanuni kwa miaka miwili kabla ya kupandwa zao litakalouzwa kwa jina la kilimohai; kwa mazao ya kudumu kama kahawa, ni miaka mitatu kabla ya mavuno. Katika muda huo mkulima hubeba kazi yote ya mfumo mpya na bado huuza kwa bei ya kawaida.

Kalenda ya mvua

Januari na Februari ni kipindi cha ukavu. Mihogo hung'olewa, humenywa na kuanikwa kwa ajili ya unga wa obundu, chakula kikuu cha Wakonzo ambacho ng'ambo ya mpaka huitwa fufu. Huu pia ni wakati wa kukarabati makinga maji, kupogoa mikahawa na kugeuza marundo ya mboji. Mboga hupungua, isipokuwa kando ya mito na kwenye mashamba yenye maji ya kumwagilia.

Machi hadi Mei huja mvua za kwanza. Maharage, mahindi na karanga hupandwa mara udongo unapolowa. Mboga za majani, kama mchicha ambao Waganda wengi huuita dodo na Wakongomani lengalenga, huwa tayari baada ya wiki chache na ndizo zinazoziba pengo kabla ya nafaka kukomaa. Mei ni mwezi wa kuangaliwa kwa hadhari, kwani mito ya Rwenzori imewahi kufurika vibaya katika mwezi huo.

Juni na Julai ni miezi ya mavuno na ya kuanika. Hapa ndipo kosa dogo huharibu kazi ya msimu mzima. Mahindi na karanga zikianikwa juu ya ardhi tupu au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu huota kuvu na kutengeneza sumukuvu, sumu isiyoonekana kwa macho na isiyokwisha kwa kupika. Zao laweza kuwa halikuguswa na kemikali yoyote na bado likawa hatari. Turubai safi na ghala lenye hewa ni sehemu ya kilimohai kama ilivyo mboji.

Agosti hadi Novemba mvua hurudi, na upanzi wa pili hufanyika. Desemba huleta mavuno mengine, huku kahawa ikiendelea kuchumwa kwenye miteremko. Ndizi, kwa upande wake, haina msimu mmoja. Mgomba huzaa mwaka mzima, ndiyo maana matoke husalia sokoni hata kila kitu kingine kinapoadimika.

Bonde la Kasese lina njia nyingine ya kukabiliana na ukavu. Mradi wa umwagiliaji wa Mubuku, ulioanzishwa miaka ya 1960, huelekeza maji ya mito itokayo Rwenzori kwenye mashamba yaliyo kwenye tambarare kavu, na kuwawezesha wakulima kupanda nje ya msimu wa mvua. Kwa wakulima walio nje ya mradi huo, kinachobaki ni visima vidogo, mapipa ya kuvunia maji ya paa na matandazo mazito yanayozuia unyevu kutoroka.

Kahawa: zao linalobeba mengine

Kwa familia nyingi za Bukonzo, kahawa ndiyo ada ya shule, ndiyo paa la bati. Hupandwa chini ya kivuli cha miti na migomba, mfumo unaorahisisha kufuata kanuni za kilimohai. Majani yanayodondoka hurutubisha udongo, kivuli hupunguza joto, na ndizi huipa nyumba chakula wakati mikahawa ikingojewa.

Kwa muda mrefu, kahawa ya Rwenzori iliuzwa ikiwa imekaushwa na ganda lake, katika daraja linalojulikana sokoni kama Drugar. Mara nyingi ilichumwa mbivu na mbichi pamoja, ikaanikwa ardhini, na sifa yake ikashuka. Mabadiliko yalikuja pale vyama vya ushirika vilipoanza kusisitiza kuchuma matunda mekundu pekee, kuyaosha katika vituo vidogo na kuyakausha juu ya meza zilizoinuliwa. Mojawapo ya vyama hivyo ni Bukonzo Joint, chenye makao yake Kyarumba, ambacho kilianza kama chama cha kuweka na kukopa na baadaye kikapata ithibati ya kilimohai na ya biashara ya haki.

Tofauti ya bei inaonekana kwa hesabu. Agosti 2023, mfumo wa Fairtrade uliweka bei ya chini ya dola 1.80 za Marekani kwa pauni moja ya arabika iliyooshwa. Kahawa ya kilimohai iliongezewa senti 40, na ushirika ulipokea senti 20 nyingine kwa ajili ya miradi ya pamoja. Bei hiyo ya chini ni kinga wakati soko linapoporomoka. Soko linapopanda, kama ilivyotokea mwanzoni mwa mwaka 2025 arabika ilipovuka dola 4 kwa pauni, kishawishi hugeuka: mchuuzi hufika nyumbani na fedha taslimu, na mwanachama huuza pembeni badala ya kusubiri malipo ya ushirika.

Kishawishi kibaya zaidi hutokea mapema. Katika miezi ya upungufu, mkulima mwenye mgonjwa au karo ya kulipa huuza kahawa yake ingali maua. Mnunuzi humpa fedha kidogo leo, na mavuno yote huwa yake kesho. Mkulima hubaki akilipalilia na kulilinda zao ambalo si lake tena. Hakuna nyongeza ya bei ya kilimohai inayoweza kumfikia aliyekwisha kuuza kwa namna hiyo. Ndiyo sababu ushirika wenye mfuko wa mikopo midogo humsaidia mkulima kuliko ushirika unaonunua tu.

Suala jingine limo ndani ya nyumba. Kazi nyingi ya kupalilia, kuchuma na kuanika hufanywa na wanawake, ilhali kwa desturi mauzo na fedha vilikuwa mikononi mwa wanaume. Bukonzo Joint kilijulikana kimataifa kwa kutumia mbinu ya michoro ambayo mume na mke huchora pamoja mti wa familia: mizizi ni kazi ya kila mmoja, matunda ni mapato na anayeyatumia. Mchoro haumhitaji mtu ajue kusoma, wala haumtuhumu yeyote. Huweka mbele ya macho yao jambo lililokuwa likifanyika kila siku bila kusemwa. Kutokana na mazungumzo hayo, baadhi ya familia zilianza kuamua kwa pamoja juu ya mauzo, na hata kuandika ardhi kwa majina ya wote wawili.

Kutoka shambani hadi mlangoni

Kahawa husafiri hadi ng'ambo ya bahari, lakini nyanya, sombe, maparachichi na mayai hayawezi kungoja. Kwa mazao hayo, kilimohai cha Kasese hutegemea njia fupi.

Njia ya kwanza ni soko la wazi, ambako mboga huuzwa kwa mafungu na nafaka kwa debe au gunia. Udhaifu wake ni kwamba fungu la mchicha wa kilimohai na fungu lililonyunyiziwa dawa jana hulala juu ya turubai moja, na mnunuzi hana namna ya kuyatofautisha isipokuwa anamjua muuzaji. Kwa hiyo bei huwa moja, na jitihada ya mkulima haionekani.

Njia ya pili ni kapu la msimu. Wateja wachache, kwa mfano walimu, wauguzi au hoteli ndogo zinazohudumia watalii, hukubaliana na kikundi cha wakulima kupokea kila wiki kile kilichoiva. Wazo hili lina historia ndefu duniani. Japani ya miaka ya 1970 iliuita mpango huo teikei, ambapo familia za mijini ziliingia makubaliano ya moja kwa moja na wakulima. Mwaka 1986 mashamba mawili ya kaskazini-mashariki mwa Marekani yalianzisha mtindo wa wateja kulipia sehemu ya mavuno kabla ya msimu. Katika nchi za baridi, kapu la aina hiyo hujaa karoti, viazi, maboga na kabichi wakati wa majira ya baridi, kwa sababu ndivyo vinavyovumilia. Kasese, kapu la Februari huwa na ndizi, mihogo, karanga na maharage makavu, na kapu la Mei hujaa mboga za majani. Kinachobaki kilekile ni masharti: mteja hupokea kinachoruhusiwa na majira, naye mkulima hupata uhakika wa kuuza.

Malipo ya awali yana maana ya pekee katika wilaya ambayo watu huuza kahawa ingali maua. Fedha ya mteja aliyelipia kapu mwezi Januari ni fedha inayomwezesha mkulima kununua mbegu bila kwenda kwa mchuuzi.

Usafiri ni wa bodaboda, na malipo hufanywa kwa simu, huduma iliyoanza Uganda mwaka 2009. Umuhimu wa njia hii ulidhihirika Machi 2020, serikali ilipozuia usafiri wa umma kwa sababu ya Uviko-19. Bodaboda zilikatazwa kubeba abiria lakini ziliruhusiwa kubeba mizigo. Wauzaji wengi katika miji ya Uganda walijifunza wakati huo kupokea oda kwa simu na kupeleka chakula mlangoni, na wateja wakaizoea huduma hiyo.

Kampala, iliyo umbali wa zaidi ya kilomita 300, ni soko kubwa zaidi lakini gumu zaidi. Reli iliyofika Kasese mwaka 1956 ilijengwa kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na kwa miaka mingi sasa hakuna treni inayobeba mizigo kutoka huko. Mazao husafiri kwa lori na basi, na kila saa barabarani hupunguza thamani ya mboga mbichi. Kwa sababu hiyo, bidhaa zinazofaa kwa safari hiyo ni zile zinazodumu: maharage, vanila, asali, matunda yaliyokaushwa na kahawa iliyokaangwa.

Bwera na mpaka

Bwera iko zaidi kidogo ya kilomita 50 kusini-magharibi mwa mji wa Kasese, karibu na kituo cha mpaka cha Mpondwe. Ng'ambo ya Mto Lhubiriha ni Kasindi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande wa pili ni ndugu kwa lugha na kwa damu, na Kiswahili huwaunganisha na wafanyabiashara wengine wote. Siku za gulio, Jumanne na Ijumaa, maelfu ya watu huvuka na mizigo.

Soko hilo huwapa wakulima wa Bukonzo wateja wa Beni na Butembo bila kulazimika kufika Kampala. Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, matumaini yalikuwa kwamba taratibu zingekuwa nyepesi zaidi, hasa kwa wanawake wanaovuka na mizigo midogo. Ujenzi wa barabara ya Kasindi hadi Beni, uliozinduliwa Juni 2021 na marais wa nchi hizo mbili, nao ulilenga biashara hiyo.

Lakini mpaka hufungika kwa haraka kuliko unavyofunguka. Novemba 1996, waasi wa ADF walishambulia Mpondwe, na katika miaka iliyofuata familia nyingi zilikimbia vilimani zikaacha mashamba yao. Juni 2019, wagonjwa wa Ebola waliotoka Kongo walithibitishwa Bwera, na magulio yakasitishwa ili kuzuia maambukizi. Juni 2023, shule ya sekondari ya Lhubiriha ilishambuliwa na wanafunzi wakauawa. Kila tukio la aina hiyo, mbali na majonzi yake, humwacha mkulima na nyanya zilizoiva na soko lililofungwa.

Somo ambalo wakulima wamelipata ni kutotegemea mlango mmoja. Mwenye wateja wa kapu mjini Kasese, wanunuzi wa gulio mpakani na akiba kavu ghalani huumia kidogo kuliko aliyepanda nyanya peke yake akingojea Ijumaa.

Yanayolitishia shamba

Maji ni tishio la kwanza. Tarehe 1 Mei 2013, Mto Nyamwamba ulifurika ukaharibu makazi, madaraja na sehemu ya hospitali ya Kilembe. Mei 2020 mafuriko yalirudi. Septemba 2022, maporomoko ya ardhi yaliua watu katika kijiji cha Kasika. Miti ya kivuli, makinga maji na nyasi zilizopandwa kwenye kingo hupunguza mmomonyoko, lakini miteremko iliyovuliwa miti haiwezi kuokolewa na shamba moja pekee.

Tishio la pili ni urithi wa mgodi. Mabaki ya shaba na kobalti ya Kilembe huchukuliwa na maji ya Nyamwamba hadi kwenye mashamba ya bondeni, na tafiti zimegundua metali nzito katika udongo na katika baadhi ya mazao ya eneo hilo. Hapa kilimohai hukutana na mipaka yake. Mkulima aweza kufuata kila kanuni na bado udongo wake ukawa na sumu ambayo hakuileta yeye. Kupima udongo na kuchagua mahali pa kulimia mboga ni jambo la lazima kando ya mto huo.

Tatu ni joto. Msafara wa mwanamfalme wa Abruzzi kutoka Italia ulipouchunguza mlima mwaka 1906, barafu ilifunika zaidi ya kilomita 6 za mraba. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Joto hilohilo husogeza wadudu na magonjwa ya mikahawa, kama kutu ya majani, kuelekea miinuko iliyokuwa salama zamani, na huufanya mwanzo wa mvua kuwa mgumu kutabirika.

Nne ni tembo na wanyama wengine wanaotoka hifadhini. Usiku mmoja hutosha kumaliza shamba la mahindi. Mitaro, uzio, mizinga ya nyuki na pilipili ni baadhi ya kinga zinazotumika. Mizinga ina faida ya ziada, kwani nyuki huchavusha mazao na asali huingia katika kapu.

Mwisho ni karatasi. Sheria ya Umoja wa Ulaya dhidi ya ukataji misitu, iliyopitishwa mwaka 2023 na ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, itataka kila shamba la kahawa lijulikane mahali lilipo. Vyama vyenye kumbukumbu za kilimohai viko mbele katika hilo. Mkulima asiye na chama yuko hatarini kuachwa nje, hata kama hajawahi kukata mti.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Mnunuzi wa Kasese, wa Bwera au wa ughaibuni anayetaka kuwa na uhakika na anachonunua anaweza kuanza na maswali manne. Zao hili ni la msimu huu, na kama sivyo, lilimwagiliwa wapi? Nani amelihakiki, ni shirika huru au ni wakulima wenyewe kwa utaratibu unaojulikana? Lilianikwa na kuhifadhiwa vipi? Na mwisho, katika bei iliyolipwa, mkulima alipata kiasi gani na alilipwa lini?

Swali la nne ndilo linaloulizwa mara chache zaidi. Jibu lake huonyesha kama mwanamke aliyechuma matunda mekundu mmojammoja kwenye mteremko wa Kyarumba alilipwa wakati wa mavuno, au kama kahawa ile ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa mchuuzi tangu ilipokuwa maua.